Ombi la Kumwondoa Shangazi Yangu Katika Sera ya Kilimo

Kwa Katibu Mkuu,
Wizara ya Kilimo.

Kupitia kwa Mkurugenzi wa Sera (ambaye kwa utaratibu ataisoma kwanza, namsalimu, na namwomba asikasirike kabla ya kufika namba tano).

KUH: MKULIMA MDOGO KUZUIWA KUOLEWA

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia nikiwa mzima, na natumaini huko orofa ya juu nako ni wazima na lifti inafika.

Mimi ni mwanagenzi katika Idara ya Sera. Huenda umewahi kunisikia bila kuniona: nakaa nyuma ya mlango wa chumba cha rasimu, na mtu akiufungua kwa nguvu, ile sauti inayotoka ni yangu. Sina kiti, lakini sikuja kulalamikia kiti. Nakalia nakala za sera ya kilimo iliyopita. Zimefungwa kamba tangu zilipochapishwa, hakuna aliyewahi kuzifungua, na ni imara kuliko viti vingi vya Idara.

Ninachokilalamikia ni shangazi yangu. Yeye ni mjane mmoja mwenye shamba nje kidogo ya mji. Idara imemfanya kuwa wakulima wadogo wote wa nchi hii, na sasa inamzuia kuolewa. Naomba aachiwe. Sababu zangu nazipanga kwa namba kama nilivyofundishwa hapa, ingawa kichwani mwangu huwa zinakuja zote kwa pamoja zikisukumana.

1. Kwamba aliingizwa bila kuombwa.

Rasimu ya sera mpya ilirudi kutoka kwa Mkurugenzi ikiwa na maneno yake ya wino mwekundu ukurasa wa kwanza: "Huyu mkulima mdogo mnayemtaja kila aya ni nani? Simwoni. Nipeni mtu." Wajumbe wa rasimu walikaa kikao. Ilipendekezwa twende vijijini tukamtafute, lakini gari la Idara limepandishwa juu ya matofali, na dereva alisema litashuka Mungu akipenda. Ndipo Mchumi wetu akakiuliza chumba kizima: nani humu anamfahamu mkulima?

Katibu Mkuu, hii ni Wizara ya Kilimo. Watu walitazama kibodi zao. Mmoja akasema anamfahamu mtu anayeuza matrekta. Mwingine akasema babu yake alikuwa mkulima ila ameshafariki, na Mchumi akamuuliza kama takwimu zake bado zipo. Mimi nikanyoosha mkono kutoka nyuma ya mlango.

Simu yangu iliwekwa katikati ya meza, imeegemezwa kwenye kopo la kalamu, sauti nje. Shangazi akapokea: "Haloo, we mtoto, umekula?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mkulima mdogo wa nchi hii kwa Serikali yake, na yako kwenye kumbukumbu za kikao hivi: "Mdau alionyesha kuguswa na suala la usalama wa chakula." Tangu siku hiyo, kila nikimpigia shangazi yangu, jambo hilo linaitwa ushirikishwaji wa wadau.

2. Kwamba anazidishwa.

Mtakwimu wetu ni mtu mpole, hana ubaya na mtu. Yeye anazidisha tu. Shangazi akisema neno, analizidisha kwa idadi ya wakulima wadogo nchini, anapata jibu, anakwenda kunywa chai.

Sasa, shangazi na jirani yake wana jogoo mmoja. Wiki hii analala kwa shangazi, wiki ijayo kwa jirani. Mtakwimu akaandika kwamba kila kaya ya mkulima mdogo ina nusu jogoo. Wenzetu wa mifugo wakaleta barua rasmi wakitaka kujua nusu ya pili inahifadhiwa wapi na kwa idhini ya nani. Barua hiyo iko kwangu kwa ajili ya kutayarishiwa majibu, na naomba mwongozo.

Kisha shangazi akapata mafua. Alisema kwenye simu, kama mtu yeyote angesema, "Wiki hii jembe sijaligusa, mwanangu, mafua yamenikalia kifuani." Kabla ya chakula cha mchana jedwali la Mtakwimu lilionyesha kilimo kimesimama nchi nzima, na watu wa ghala la taifa walikuwa wameanza kuhesabu magunia. Mkurugenzi alitembea koridoni mikono nyuma. Nilipompigia tena jioni, shangazi alikuwa amekunywa maji ya tangawizi na yuko shambani anapalilia. Nchi ikapona. Watu wa ghala hawakuambiwa, na nasikia bado wanahesabu.

3. Kwamba Idara haitofautishi maoni ya shangazi na hasira zake.

Shangazi hapendi kunde. Hana sababu ya kisayansi. Alilazimishwa kuzila utotoni na yamekwisha. Alipoulizwa kuhusu mazao ya kipaumbele alisema, "Kunde msiniletee," na kunde zikafutwa kwenye orodha ya mazao ya kipaumbele ya taifa.

Yupo mtafiti ambaye amezifanyia kunde kazi ujana wake wote. Alikuja na mkoba, akakaa kwenye benchi la koridoni, akasubiri Mkurugenzi atoke kwenda kula. Kisha akaniita pembeni mimi, mtu nisiye na kiti, akaniomba nimpe namba ya shangazi. Nilimhurumia nikampa. Alimpigia hapo hapo, akamweleza faida za kunde kwa udongo, kwa mifugo na kwa kina mama. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa heshima zote: "Baba, mimi sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na kunde." Mtafiti alikata simu, akafunga mkoba wake polepole. Sijamwona tena jengo hili.

Na jirani naye. Wanagombana juu ya mpaka, kama majirani wanavyogombana, na Jumapili wanakopeshana chumvi. Lakini shangazi aliulizwa kikwazo chake kikubwa ni nini siku ambayo mbuzi wa jirani alikuwa amekula miche yake. Kwa hiyo sura ya tatu ya rasimu sasa inaanza hivi: "Changamoto kuu inayomkabili mkulima mdogo ni jirani." Inafuatwa na mkakati wa kitaifa wa kumpunguza jirani kwa awamu. Jirani mwenyewe hajui lolote. Alimtuma mtoto juzi alete papai.

4. Kwamba hakuna aliyefikiri mkulima mdogo anaweza kupendwa.

Hapa ndipo penye kidonda.

Karibu na stendi yuko fundi cherehani, mtu mzima, mjane kama shangazi, anayefanyia kazi kwenye baraza la duka la vitambaa. Shangazi alimpelekea gauni alipunguze kiuno. Akalipunguza. Shangazi akalivaa, likambana, akalirudisha likaongezwe. Akaliongeza, likapwaya. Safari ya nne fundi akakiri kwamba gauni lilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Shangazi alinisimulia hivi huku anacheka hadi akakaa chini: "Mtu mzima yule, ananiibia kiuno ili nirudi!"

Wamekubaliana kuoana baada ya mavuno. Shangazi atahamia kwa fundi, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka, na shamba atamkodisha jirani. Nimemjua shangazi tangu nilipokuwa nabebwa. Mara ya mwisho kumsikia akiimba peke yake jikoni, mumewe alikuwa hai. Sasa anaimba, tena anakosea maneno na hajali.

Kosa langu ni kwamba habari hii niliisema kazini, kwa furaha, huku nabana karatasi. Vidole vikaacha kibodi. Mashine ya kunakili ikaendelea peke yake.

Mtakwimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta kikokotoo. Kwa hesabu zake, baada ya mavuno wakulima wadogo wote wa nchi hii watayaacha mashamba, watahamia mijini na kuolewa na mafundi cherehani. Mafundi hawatatosha. Kila fundi angepaswa kupokea wake wengi kuliko vitambaa alivyonavyo. Nilipomkumbusha kwamba wakulima wadogo wengine ni wanaume na wana wake zao, alinijibu kwa upole kwamba takwimu zake haziingilii mambo ya ndani ya watu. Mchumi kwa upande wake aliona neema: alisema bei ya nguo itashuka, ila hatutakuwa na nguvu ya kuzivaa kwa sababu ya njaa. Na mashamba yote ya nchi yangekodishwa kwa jirani, ambaye kwa mujibu wa sura ya tatu ndiye Changamoto.

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akasema, "Huyu mama haolewi mpaka rasimu ipite."

5. Kwamba aliombwa asubiri, na aliyemwomba alitumia jina la taifa.

Naomba Mkurugenzi asome hapa kwa utulivu. Nayaandika kama yalivyotokea. Alimpigia shangazi mwenyewe. Alimwambia, "Mama, hili si kwa ajili yangu. Ni taifa linakuomba uvumilie, rasimu ipite Baraza la Mawaziri, kisha uolewe hata mara mbili." Shangazi akauliza itapita lini. Akaambiwa karibuni. Akauliza ile iliyopita ilichukua muda gani. Wote wakanitazama mimi, au tuseme walitazama nilichokalia. Mkurugenzi akasema ile ilikuwa na mazingira yake. Shangazi akavuta pumzi ndefu mpaka kopo la kalamu likatetemeka: "Baba, hilo taifa lina haraka gani na mimi, wakati anayezeeka ni mimi?" Kumbukumbu za kikao zinasema: "Mdau ameonyesha utayari wa kuendelea kushauriana."

Fundi hakulipokea hivyo. Alikuja hapa wizarani amevaa suti iliyopigwa pasi, utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni. Mlinzi wa getini alimuuliza anamtaka nani. "Namtaka anayemzuia mchumba wangu." Mlinzi akafikiri, akaandika kwenye sababu ya ujio: "Kilimo."

Mkurugenzi alimpokea vizuri, alimwagizia chai, akamweleza umuhimu wa sekta. Fundi alisikiliza, macho yake yakiwa kwenye bega la kushoto la koti la Mkurugenzi, ambalo lina dosari. Alitoka ofisini mle akiwa na koti la kurekebisha, na bila mchumba. Nilimsindikiza hadi getini. Aliniambia neno moja tu ambalo limeninyima raha: "Mimi nilidhani nashindana na marehemu. Kumbe nashindana na Wizara."

Shangazi hajalia, si mtu wa kulia. Lakini aliniuliza kama mavuno yanaweza kucheleweshwa kwa makusudi, ili ahadi yake kwa fundi isionekane imevunjika. Mkulima wa miaka yote hiyo anauliza namna ya kuchelewesha mavuno. Nikamwambia nimekula.

6. Kwamba mimi sina tena ukoo wa kurudi.

Hii ni fupi. Baba yangu, ambaye shangazi ni dada yake, alinipigia simu akaniambia, "Tulikupeleka ukajifunze kazi, kumbe umekwenda kumweka rehani dada yangu?" Kisha akampa simu mama, na mama akasema hana la kuongeza, akaongeza kwa muda mrefu.

Kwa sababu hizo, Mheshimiwa, naomba mojawapo ya haya yafuatayo, kwa mpangilio wa urahisi wake kwa Wizara.

(a) Atafutwe mkulima mwingine. Sidhani ni kazi ngumu. Ukisogea dirishani kwako utamwona mmoja: ni yule anayelima mchicha nje ya uzio wetu, ambaye walinzi humfukuza kila asubuhi kwa agizo la Wizara ya Kilimo. Anaonekana mwenye afya, na hana mchumba ninayemfahamu.

(b) Kama yule hafai kwa kuwa yuko karibu mno, basi shangazi apewe likizo ya ndoa kama mtumishi mwingine. Kwa kuwa yeye ni wakulima wote, itangazwe likizo ya ndoa kwa wakulima wote, na katika kipindi hicho nchi isile. Wakubwa waanze, ili wananchi wapate mfano.

(c) Kama nchi haiwezi kutokula, Mkurugenzi mwenyewe awe mkulima mdogo. Katika kila hotuba yake anasema amelelewa na jembe. Naamini jembe lingefurahi kumwona tena. Ana mke tayari, kwa hiyo hatari ya kuhama kwa mapenzi ni ndogo, na dosari ya bega imeshafanyiwa kazi.

(d) Na kama yote hayo yatashindikana, mkulima mdogo aondolewe kabisa kwenye sera ya kilimo. Nimeisoma rasimu ya kwanza, ile ya kabla ya simu yangu. Haikuwa na mtu ndani yake hata mmoja, na ilikuwa inasomeka vizuri sana. Aya zake hazikuugua mafua, hazikugombana na jirani, na hakuna fundi aliyekuja getini kuzidai.

Nafahamu kwamba mafunzo yangu hapa yanaweza kukatishwa kwa ajili ya barua hii. Nimelifikiria hilo. Shangazi alinilisha mimi kabla hajaanza kulilisha taifa, na nikilazimika kuchagua nani wa kumkosea kati ya hao wawili, taifa lina watu wengine wengi wa kulibembeleza.

Nisalimie wote wa orofa ya juu. Msalimie kwa namna ya pekee sekretari wako, ambaye huniambia hupo kwa sauti nzuri kiasi kwamba nashuka ngazi nikiwa nimeridhika. Wasalimie makamishna, wakurugenzi na wapishi wa chai. Walio safarini wafike salama, na walio vikaoni watoke.

Ni mimi, mtiifu kwa muda wote uliobaki wa mafunzo yangu,

Mwanagenzi,
Idara ya Sera.

Nyongeza, kwa mkono, chini ya muhuri:

Mheshimiwa, naomba barua hii isishughulikiwe.

Niliiwasilisha masijala Ijumaa. Jumapili nikaenda shambani na nakala yake nimsomee shangazi, nikitarajia angalau kushukuriwa. Alikuwa anapukuchua mahindi, fundi kaketi kando yake anamshonea kitu. Nilipofika kwenye maombi, shangazi akaacha kupukuchua.

"Na nani kakutuma uniondoe?"

Nikasema ni kwa ajili ya ndoa yake. Akasema ndoa ni yake na fundi, na walishaimaliza wao wenyewe bila mwanagenzi: fundi anahamia shambani na cherehani yake, kwani nguo zinachanika kila mahali. Kisha akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipovunja kikombe. "Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini hakuniuliza hata siku moja tupande nini. Baba yako hajaniuliza. Mwenyekiti wa kijiji hajaniuliza. Hao watu wako wananiuliza mpaka simu inaisha chaji, na nikisema wanaandika. Wanaandika ovyo, lakini wanaandika. Sasa wewe unataka kunitoa?"

Nilimtazama fundi anisaidie. Alikuwa na pini mdomoni.

Leo asubuhi nimeomba kurudishiwa barua. Mama wa masijala amekataa. Amesema kilichopigwa muhuri hakitoki bila majibu, ila kwa kunihurumia amenipa hii nafasi iliyobaki chini.

Kwa hiyo shangazi anabaki, kwa hiari yake. Amekataa kuendelea kupitia kwangu. Ana masahihisho ya sura ya tano, na amesema atakueleza wewe mwenyewe, bila kopo la kalamu. Anaomba umpigie asubuhi, kabla jua halijawa kali. Jioni asipigiwe na mtu yeyote wa Wizara, hata kukiwa na njaa. Jioni, amesema, yeye si wakulima wa nchi nzima. Ni mtu mmoja, na ana mume nyumbani.